Ni Nani Aiambiaye Nyama "Basi"?

Siku moja, baada ya darsa ya Alkhamisi, ndugu yetu mmoja ambaye ni fundi seremala alitunyoshea kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Wiki tatu kabla ya siku hiyo patasi ilikuwa imemteleza, ikamkata hata nyama ya ndani ikaonekana. Sasa palikuwa pamebaki alama nyembamba tu. Akasema: "Sheikh, kuwa kidonda hupona, hilo twalijua tangu utotoni. Suali langu ni jingine. Shimo lilijaa nyama, na lilipofika sawasawa na ngozi, nyama ikasimama. Mimi nikiziba tundu la ubao, sharti nipitishe randa ndipo pawe sawa. Hapa haikupita randa. Ni nani aliyeiambia nyama, Basi?"

Waliokuwapo walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hatukuwa na jawabu. Kumwambia kuwa hiyo ni kudura ya Mwenyezi Mungu ni kusema kweli, lakini aliyeuliza alikuwa akiyajua hayo kabla hajafumbua kinywa. Alichotaka ni kuijua njia. Basi tulimwomba muda. Sisi tuliosomea chuoni juu ya mkeka, tukashughulika na nahau na fiqhi, hatukufundishwa elimu ya mwili. Imetubidi kuitafuta ukubwani, katika vitabu, na kwa kuwauliza matabibu na walimu wa skuli, na wengine wao ni wadogo kwetu kwa umri. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyapata.

Kila kilicho hai, mtu na mnyama na mti, kimejengwa kwa seli. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza aliweka kipande chembamba cha gome la mti lifanyiwalo vizibo vya chupa chini ya hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, akaona vijumba vingi vilivyopangana kama vyumba vya nyuki. Akaviita kwa neno la lugha yao lenye maana ya vyumba vidogo, na neno hilo ndilo lililotufikia nasi. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta tu za nyumba zilizokwisha hamwa. Wenye nyumba walikuja kujulikana baadaye: ndani ya seli iliyo hai mna ute mzito, na katika ute huo mna kiini, na ndani ya kiini ndimo yalimowekwa maandishi yanayoiongoza seli katika kazi zake zote.

Seli mpya hutoka wapi? Theodor Schwann, Mjerumani aliyeandika mwaka 1839, alidhani kuwa hujifanya zenyewe katika ute wa mwili, mfano wa chumvi igandavyo katika maji ya bahari yakikauka. Dhana hiyo ilikuwa kosa. Robert Remak aliona kwa macho yake seli za damu za kifaranga kilichokuwa bado yaini zikigawanyika moja kuwa mbili, na mwaka 1855 Rudolf Virchow akaitangaza kanuni kwamba kila seli imetokana na seli iliyoitangulia. Hili ni jambo zito, ndugu msomaji, wala usilipite upesi. Seli iliyo katika ncha ya kidole chako ilitoka kwa seli nyingine, na hiyo kwa nyingine, nyuma kwa nyuma, mpaka kufika ile seli moja uliyokuwa nayo ulipoanza katika tumbo la mama yako. Ni isnadi isiyokatika hata mahali pamoja.

Seli hiyo ya kwanza, katika muda wa siku moja hivi na zaidi kidogo, hugawanyika zikawa mbili. Mbili zikawa nne. Nne zikawa nane. Mwili wa mtu mzima hukisiwa kuwa na seli zipatazo trilioni 30 au zaidi. Atakayeona muhali kufika huko kwa kuanza na moja na akikumbuke kisa cha sataranji na punje za nafaka. Chukua moja uizidishe kwa mbili mara 45 tu, utapita trilioni 35. Mwili haufuati hesabu hiyo moja kwa moja, maana seli nyingi hufa njiani na nyingine huacha kugawanyika mapema, lakini hesabu hiyo yaonyesha kuwa jambo lenyewe haliko mbali. Mtoto anaporefuka na nguo za Idi iliyopita zikamfupikia, kwa sehemu kubwa si kwamba seli zake zimekuwa kubwa, bali zimekuwa nyingi.

Sasa tutazame namna ya kugawanyika kwenyewe. Wazee wetu wa Siyu na Lamu walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono. Mnakili hakuishia kuandika tu. Baada ya kuandika alifanya mukabala, yaani aliweka nakala mbele ya asili akasoma herufi kwa herufi, na palipokosewa pakasahihishwa. Seli hufanya vivyo hivyo. Maandishi yake yameandikwa katika uzi mwembamba mno uitwao DNA, na nyuzi za seli moja, lau zingenyoshwa na kuunganishwa, zingefika urefu wa mita 2 hivi. Kabla seli haijagawanyika, sharti inakili maandishi yote, na kazi hiyo huchukua kiasi cha saa 8 katika seli ya mtu. Wakati wa kunakili mna wasahihishaji wanaofuata nyuma, wakikuta herufi isiyo mahali pake huitoa wakaweka iliyo sawa. Hata hivyo kosa moja moja hupenya. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Nakala zikiwa tayari, nyuzi hujikunja zikawa nene na fupi, nazo huitwa kromosomu. Mtu wa kwanza kueleza kwa urefu jinsi zinavyokwenda ni Walther Flemming wa mji wa Kiel huko Ujerumani, katika kitabu alichokitoa mwaka 1882. Alitia rangi seli za watoto wa salamanda, ambaye ni mnyama wa jamii ya vyura mwenye mkia, akaona nyuzi zikijipanga katikati ya seli kama safu ya watu. Kila moja imeshikamana na nakala yake. Kisha kamba nyembamba hutoka pande mbili zikaishika kila jozi, nusu huku na nusu huku. Wala kamba hazivuti mpaka kila jozi imekwisha shikwa barabara, kama nahodha asiyeng'oa nanga ilhali kuna kamba haijafungwa. Ndipo jozi huachana, nakala moja ikaenda kulia na nyingine kushoto, na seli hujibana kiunoni ikawa mbili.

Seli ya mtu ina kromosomu 46. Na hapa tuna neno. Tangu mwaka 1923 vitabu vilikuwa vikisema ni 48, kwa kuwa mtaalamu mmoja mkubwa alihesabu akapata 48. Waliomfuata walipotazama wakaona 46, walidhani macho yao ndiyo yaliyokosa. Ilikuwa mwaka 1956 ndipo Joe Hin Tjio, mtu aliyezaliwa Java, na mwenzake Albert Levan walipotangaza kutoka mji wa Lund, Sweden, kuwa hesabu ya kweli ni 46. Miaka 33 watu wenye hadubini mbele yao walimfuata aliyewatangulia. Tumezoea kuilaumu taklidi misikitini. Kumbe na wenye elimu za kidunia wana yao.

Kuna mgawanyiko wa namna ya pili, nao ni wa uzazi. Lau mbegu ya baba ingekuwa na kromosomu 46 na yai la mama 46, mtoto angepata 92. Kwa hiyo seli zinazofanya mbegu na mayai hugawanyika mara mbili kwa kunakili mara moja tu, na kila mbegu na kila yai likapata 23. Zikikutana, 46 hutimia. Katika hizo 23 mna moja inayohusika na kuwa mtoto ni mwanamume au mwanamke. Yai la mama siku zote hubeba ile iitwayo X. Mbegu ya baba ndiyo hutofautiana: nusu hubeba X, na nusu hubeba Y. Ikitangulia ya X mtoto huwa wa kike, na ikitangulia ya Y huwa wa kiume. Tumepata kuketi katika masuluhisho ya ndoa ambamo mume analalamika, na mama yake nyuma yake, kuwa mke "hajui kuzaa ila wasichana", na mke ameinamisha kichwa kana kwamba ana hatia. Ikiwa kuna wa kuulizwa katika jambo hilo, basi si yule aliyeinamisha kichwa.

Turudi kwa fundi wetu na suali lake. Seli haigawanyiki ovyo. Ina milango, na milango ina mabawabu. Na njia iliyowafikisha wataalamu kwa mabawabu hao ilipita, tusitiri nini, katika pombe. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alichunguza pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki, akakuta hamira isiyofanana na ile itiwayo katika mkate. Hamira ya mkate huchipua kitumba pembeni. Hii hurefuka kisha ikakatika katikati sawasawa. Akaipa jina la kitaalamu ambalo mwisho wake ni neno letu lenyewe, pombe. Hivyo ndivyo neno la Kiswahili lilivyoingia katika vitabu vya elimu duniani. Tungependa lingeingia kwa mlango mwingine, lakini tumesimulia yaliyokuwa.

Katika miaka ya 1970, mjini Edinburgh, Mwingereza Paul Nurse aliitazama hamira hiyo, akaona baadhi yake zinagawanyika kabla ya kufikia kimo chake, zikawa ndogo ndogo. Akatambua kuwa hizo zimeharibika bawabu: mlango unafunguliwa kabla ya wakati. Akalitafuta agizo linalomhusu bawabu huyo katika maandishi ya seli, akalipata. Kisha, mwaka 1987, yeye na mwenzake Melanie Lee walionyesha jambo la ajabu. Hamira ambayo bawabu wake ameharibika walitia agizo lililotoka kwa seli ya mtu, nayo ikagawanyika vyema. Bawabu wa hamira na bawabu wa mwanadamu ni mmoja. Mwaka 1982 Tim Hunt naye, huko Marekani, alikuwa amekwisha gundua katika mayai ya yule mnyama wa baharini wa miiba ambaye wavuvi wetu huogopa kumkanyaga, protini inayojazana kidogo kidogo kabla ya kila mgawanyiko kisha ikatoweka ghafula, mfano wa maji kujaa na kupwa. Protini hiyo na bawabu hushirikiana. Wawili hao, pamoja na Leland Hartwell aliyeichunguza hamira ya mkate, walipewa tunzo ya Nobel mwaka 2001.

Basi patasi ilipokata kidole, mambo yalikwenda hivi. Vijembe vya damu viligandamana vikaziba, na papo hapo vikamwaga dawa za mwili zinazoziita seli na kuwaambia mabawabu wafungue. Seli nyeupe za damu zilikuja kupigana na vijidudu na kusafisha. Siku ya pili hivi, seli za ngozi zilizo ukingoni ziliachana na jirani zao, zikatambaa chini ya gaga kuelekea katikati, na zilizo nyuma yao zikagawanyika ili kuziba nafasi. Chini yake seli nyingine zilifuma nyuzi za kolajeni, na mishipa midogo ya damu ikachipua. Ndiyo ile nyama nyekundu yenye chembechembe ambayo kila mtu amepata kuiona. Mwisho wake, seli za ngozi za upande huu zilikutana na za upande ule. Seli ikigusana na wenzake pande zote huacha kugawanyika. Dawa zile zilizokuwa zikiita nazo zilikwisha, kwa kuwa hazidumu na hapakuwa tena na jeraha la kuzimwaga. Na seli zilizozidi kwa kazi ile zilikufa zenyewe kwa amri iliyomo ndani yao, bila fujo wala usaha.

Hilo ndilo jawabu, fundi wetu. Hakuna mmoja aliyesema "Basi". Wito ulinyamaza, jirani akamgusa jirani, na aliyemaliza kazi akaondoka. Mara nyingine "Basi" huchelewa, na kovu likavimba likapita mpaka wa jeraha. Hutokea zaidi kwa watu wa rangi yetu, na wasichana wengi wameliona baada ya kutogwa masikio. Kovu hilo si saratani wala si uchawi. Na kovu lolote halirudi kuwa ngozi kamili: nguvu yake hukisiwa kufika sehemu 8 katika 10 za nguvu ya asili, nalo halioti vinyweleo.

Si kila kiungo kina ruhusa sawa. Utando wa ndani ya matumbo hubadilika kwa siku chache tu. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa hutoa nyingine mahali pake mchana na usiku. Ini likikatwa hata theluthi mbili hurudia ukubwa wake. Lakini seli za moyo na za ubongo takriban haziongezeki tena ukubwani. Kilichokufa hapo hakirudi, na ndiyo sababu ya matabibu kuharakisha mno kwa mtu aliyepatwa na kiharusi.

Sasa tuyasema yale makosa ya kunakili tuliyoyaacha nyuma. Mna bawabu mwingine, wataalamu humwita p53, ambaye akiona maandishi yameharibika huizuia seli isigawanyike mpaka irekebishwe, na isiporekebika huiamuru ife. Ikiwa kosa limemwangukia yeye, au limewaangukia mabawabu wengine mmoja baada ya mmoja, hupatikana seli isiyosikia "Basi". Jirani humgusa, naye huendelea. Hiyo ndiyo saratani, ambayo wengi huiita kansa. Seli ya kawaida ikikuzwa nje ya mwili hugawanyika mara 50 hivi kisha ikasita, kama alivyoonyesha Leonard Hayflick mwaka 1961. Ama seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizochukuliwa mwaka 1951 kutoka kwa Henrietta Lacks, mwanamke wa Marekani, bila ya yeye kuombwa ruhusa, zingali zinagawanyika mpaka leo katika maabara za dunia. Mwenyewe alifariki mwaka ule ule.

Saratani hiyo ya mlango wa kizazi karibu yote huletwa na kirusi, ambacho huingia katika seli na kuwafunga mikono mabawabu tuliowataja. Chanjo yake ipo, na Kenya iliianzisha kwa wasichana wa miaka 10 mwezi wa Oktoba 2019. Kipimo chake kipo pia, nacho huonyesha mabadiliko miaka mingi kabla hayajawa maradhi. Lakini twawajua akina mama waliotokwa na damu isiyo wakati wake wakanyamaza mwaka mzima kwa haya. Haya ni katika imani, hatubishi. Lakini kumwonyesha tabibu mahali palipo na maradhi ni halali kwa haja, na matabibu wanawake hawakosekani. Uvimbe katika titi usiouma nao ni wa kuonyeshwa, tena kwa sababu hauumi.

Na upande wa pili ni kidonda kinachoitwa nacho hakiitikii. Mzee mmoja wa darsa yetu alikuwa na kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa midogo na neva za miguu: mguu hauhisi, na damu inayochukua chakula cha seli haifiki vizuri. Bila chakula wala hewa, seli za ukingoni hazina uwezo wa kugawanyika hata zikiitwa vipi, na vijidudu hupata nafasi. Mzee alikanyaga msumari asijue. Alipoona kidonda, alikitia majivu, kisha mafuta ya taa, kisha unga wa dawa aliouziwa barabarani. Na vitu kama hivyo huweza kuziua seli zile zile zinazojaribu kutambaa. Kidonda kilitaka maji safi na kitambaa safi, na samaki na maharage na mapera katika chakula, na juu ya yote sukari ishushwe kwa dawa za hospitali. Miezi mitatu alikificha chini ya kikoi. Harufu ndiyo iliyotujulisha, tulipokuwa tumesimama safu moja naye katika sala ya Alfajiri.

Tulimpeleka hospitali asubuhi ile ile. Walimkata vidole viwili, wakaunusuru mguu. Tulimuuliza kwa nini hakusema, akajibu kuwa kilikuwa hakimuumi, na kitu kisichouma aliona aibu kumsumbulia mtu. Sisi nasi tuliona aibu, kwa kuwa tulikuwa tumeketi naye kila Alkhamisi na tusimuulize kwa nini anachechemea.

Mzee yungali anahudhuria darsa, huketi juu ya kiti karibu na mlango. Kila usiku kabla ya kulala mjukuu wake humwinulia miguu, akamulika taa baina ya vidole vilivyobaki na chini ya nyayo, maana macho ya mzee hayaoni vizuri na nyayo zake hazimwambii kitu.